Safari ya Mususa: gauni la mtindo wa zamani na patroni ya karatasi



Wiki hii ukurasa wetu wa safari hauwapeleki mbali. Unawapeleka Mususa, moja ya komini nne za mji wa Butembo, pamoja na Bulengera, Kimemi na Vulamba. Wengi wetu tunapita huko kila siku na mzigo kichwani, bila nafasi ya kusimama. Safari hii tulisimama. Tulikaa siku tatu na wamama wa kikundi kimoja cha kushona, tukatazama jinsi wanavyotengeneza gauni la mtindo wa miaka ya 1950, lile lenye kiuno kilichobanwa na sketi pana, kwa patroni ya karatasi iliyotengenezwa ng'ambo. Tunawaletea tuliyoyaona pamoja na hesabu zake, maana hesabu hizo zinagusa mfuko wa kila nyumba.

Njia ya kwenda

Kwa wenzetu wa Beni, ni safari ya kilomita hamsini na kitu kwenye barabara ya kitaifa namba 2, kupitia Kabasha na Maboya. Beni iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200. Butembo imepita mita 1,700. Ngozi inaujua mpando huo kabla ya macho. Ukitoka Beni asubuhi na blauzi nyepesi, ukifika Butembo unatafuta tirikoo. Vilima vinafuatana, mikalitusi imesimama kando ya barabara, na vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya mkoba.

Katika Mususa nyumba za matofali na nyumba za udongo zinakaa pamoja, zote chini ya mabati, na nyuma ya nyumba kuna migomba na maharagwe. Pikipiki hazikomi. Kwenye baraza, hapa na pale, utasikia sauti moja inayofanana kila mahali: mashini ya kushona ya kukanyaga kwa mguu. Nyingi ni za kizamani, Singer au Butterfly, nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika kwa kushikwa. Umeme ukikatika, zenyewe hazisimami.

Kikundi tulichotembelea kinafanya kazi chini ya baraza la namna hiyo. Kuna mashini nne, meza moja ndefu ya mbao, pasi ya makala, na kamba iliyotundikwa mifuko ya karatasi, kila mfuko na namba yake. Tulidhani ni risiti za mauzo. Kumbe ndizo patroni.

Kiangazi cha nani?

Bahasha ya patroni waliyotuonyesha ina picha ya mwanamke mwembamba amevaa gauni bila mikono, mabega wazi. Ni gauni la kiangazi cha Ulaya na Marekani. Huko mwezi wa saba jua linakawia kuzama, na watu wanavaa nguo nyepesi kwa miezi michache kabla baridi kurudi. Kwetu mambo ni tofauti. Mstari wa ikweta unapita kilomita chache tu kusini mwa Butembo, kwa hiyo mchana na usiku vinalingana mwaka mzima. Jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na kuzama karibu saa kumi na mbili, iwe Januari au Julai.

Tulicho nacho ni vakansi kubwa. Mwezi wa saba na wa nane mvua inapungua, watoto wako nyumbani, ndoa zinafungwa, vumbi linapanda. Huo ndio wakati wa gauni hili kwetu. Lakini asubuhi za Mususa katika miezi hiyo ni za baridi, na ibada ya kwanza inaanza mapema. Kwa hiyo jambo la kwanza wamama hao walilofanya ni kuongeza mikono inayofika kwenye kiwiko. Walichukua mkono kutoka patroni nyingine, wakapima mzingo wa shimo la bega kwa metre, wakalinganisha. Juu ya mkono panatakiwa pazidi mzingo wa shimo kwa sentimita mbili au tatu tu, ili bega lijae vizuri bila kufanya mikunjo. Dada zetu wa Beni, kwenu joto ni kubwa, mnaweza kuliacha bila mikono.

Patroni imetoka wapi

Patroni ni umbo la kila kipande cha nguo, limechorwa kwenye karatasi: mbele, mgongo, mkono, ukosi, sketi. Unaiweka juu ya kitambaa, unafuata mstari, unakata. Mafundi wa Ulaya walikuwa na patroni tangu zamani, lakini mama wa nyumbani alipata shida, kwa sababu alipewa kipimo kimoja na ilimbidi akikuze au akipunguze mwenyewe. Mwaka 1863 fundi mmoja Mmarekani, Ebenezer Butterick, wa Sterling katika jimbo la Massachusetts, alianza kuuza patroni za karatasi zenye vipimo mbalimbali. Mwanamke aliyekaa kijijini aliweza kununua namba yake na kushona nguo kama za mjini. Baadaye makampuni mengine yalifuata, McCall's, Vogue, Simplicity. Kule Ujerumani, mama mmoja, Aenne Burda, alianzisha mwaka 1950 gazeti la mitindo ambalo limejulikana duniani kote kwa patroni zake.

Mtindo wenyewe wa kiuno kidogo na sketi pana ulivuma kuanzia Februari 1947, Christian Dior alipoonyesha nguo zake za kwanza huko Paris. Vita vilikuwa vimekwisha. Wakati wa vita vitambaa viligawanywa kwa kipimo katika nchi nyingi za Ulaya, wanawake wakavaa sketi fupi na nyembamba. Kuvaa mita nyingi za kitambaa kukawa alama ya kwamba dhiki imepita. Mwaka 1952 kampuni ya Butterick ilitoa gauni lililopata jina kwa urahisi wake: walisema ukianza kulishona baada ya chai ya asubuhi, mchana unatoka nalo. Miaka mingi baadaye waliirudisha patroni hiyo madukani, na hadi leo wapenzi wa nguo za zamani wanaishona.

Nyanya zetu waliona magauni ya namna hiyo yakivaliwa na wake wa Wabelgiji, na baadhi yao walijifunza sindano kwa watawa au katika foyer social za mijini. Leo tunayapata kwenye mitumba, yamevaliwa na kuchoka. Wamama wa Mususa wamekataa kungoja mitumba iwaletee. Wanayashona kwa kikwembe kipya.

Kwa nini karatasi, kama fundi yupo?

Swali hilo tuliliuliza mbele ya fundi mzee anayefanya kazi ng'ambo ya barabara, ambaye wamama wanamwita papa fundi na kumletea kazi ngumu. Yeye hatumii karatasi. Anakupima kwa metre, anachora kwa kipande cha sabuni moja kwa moja kwenye kitambaa, anakata. Amefanya hivyo tangu ujana wake na mkono wake haukosei.

"Karatasi ni nzuri kwa anayeanza," alitujibu. "Mimi ilinichukua miaka kujua shingo inakatwa wapi. Hawa watoto wanaijua kwa wiki mbili. Lakini karatasi haikuoni, mama. Mimi nakuona."

Wamama hawakubishana naye, kwa sababu wanatumia vyote viwili. Karatasi inawapa umbo, jicho la papa fundi linasahihisha mahali mwili unapokataa. Na iko faida nyingine. Tarehe 8 Machi ikikaribia, kikundi kikitaka magauni thelathini ya kikwembe kimoja, fundi mmoja hawezi kuyakata yote kwa wakati. Wamama sita wenye patroni moja wanaweza, na mwenye namba moja na mwenzake atapata nguo ile ile.

Tukumbuke pia mwaka 2020. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilikuwa inaelekea mwisho wake hapa kwetu, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na Korona ilikuwa imeshaingia nchini. Barakoa zikahitajika. Umbo la barakoa lililokatwa kwenye katoni lilipita mkono kwa mkono, na mwenye mashini alishona. Kwa baadhi ya wamama tuliokutana nao, ile katoni ndiyo ilikuwa patroni yao ya kwanza.

Namba ya bahasha na mwili wa mama

Hapa ndipo kitambaa kinapotea, kwa hiyo tulikaa sana.

Namba za patroni za Marekani hazilingani na namba za nguo za dukani. Namba 14 ni ya mwanamke mwenye kifua cha sentimita 92, kiuno 71 na nyonga 97. Namba 16 ni kifua 97, kiuno 76, nyonga 102. Mtu akichagua kwa kukisia kutoka kwenye lebo ya nguo ya mitumba aliyovaa, atakata nguo isiyomwingia. Pima kwanza, halafu chagua. Na kwa gauni, chagua kwa kifua, kwa sababu mabega na mashimo ya mikono ndiyo magumu kubadilisha. Kiuno kinapanuliwa kirahisi.

Mmoja wa wamama, aliyezaa mara tano, alikubali kupimwa mbele yetu. Kifua 97, kiuno 84, nyonga 108. Kifua chake ni cha namba 16, lakini kiuno kinazidi bahasha kwa sentimita 8. Gauni lina robo nne: nusu mbili za mbele, nusu mbili za mgongo. Nane kugawanya kwa nne ni mbili. Basi kila robo inaongezwa sentimita 2 kwenye mshono wa ubavu pale kiunoni, na mstari unapanda taratibu hadi kwapani, ambako haongezi kitu. Nyonga hazikuwapa shida, kwa kuwa sketi ni pana.

Halafu urefu wa mgongo. Pima kutoka mfupa unaojitokeza nyuma ya shingo hadi kiunoni. Funga uzi kiunoni, uache ushuke wenyewe mahali pake. Namba 16 inategemea sentimita 42.5. Mama huyu alikuwa na 39. Kwenye patroni kuna mstari uliowekwa kwa ajili ya kurefusha na kufupisha. Wakaikunja karatasi hapo kwa sentimita 3.5, mbele na nyuma, kwa kipimo kile kile. Bila mkunjo huo kiuno cha gauni kingekaa juu ya nyonga, na mtu angesema mama ana mwili mbaya, kumbe karatasi ndiyo ndefu.

Jambo lingine la kuangalia ni nafasi ya mshono. Patroni za Butterick, Simplicity na wenzao zimeshaweka sentimita 1.5 ndani ya mstari wa kukatia. Za gazeti la Burda hazina, unaongeza mwenyewe. Soma kabla ya kushika mkasi.

Na wale wanaoletewa patroni kwenye simu na kuichapisha kwenye nyumba ya fotokopi, mtazame kile kisanduku kidogo cha kupimia kilicho kwenye ukurasa wa kwanza. Kipime kwa rula. Kama kimeandikwa sentimita 5 na rula inaonyesha 4.7, mashini imepunguza picha, na gauni zima litapungua vivyo hivyo. Rudisha, waambie wachapishe kwa kipimo kamili, ndipo uunganishe kurasa kwa gundi.

Karatasi ya bahasha ni laini kama ganda la kitunguu. Wamama hawaikati kamwe. Wanainakili kwenye karatasi ya mifuko ya simenti iliyofutwa vizuri, ambayo ni ngumu na haikunjamani. Kila kipande wanakiandika: jina la kipande, namba, kikatwe mara ngapi, mshale wa mwelekeo wa uzi. Kwanza wanajaribu kwa shuka kuukuu. Shuka likikaa vizuri, kikwembe nacho kitakaa.

Kikwembe kimoja na nusu

Sasa mfuko. Vitambaa vyetu vinatoka mbali. Vile vya Vlisco vinatoka Helmond, Uholanzi, ambako kiwanda hicho kipo tangu 1846, na bei yake inajulikana. Vingi zaidi vinatoka China, vinaletwa na wafanyabiashara wetu, vinashuka Mombasa, vinapita Uganda, vinaingia Kasindi, ndipo vinafika Beni na Butembo. Kila kituo kinaongeza bei. Anayelipa mwisho ni mama anayenunua.

Kipande cha yadi 6 ni mita 5 na nusu hivi, yaani vikwembe vitatu. Upana wake ni karibu sentimita 115. Bahati nzuri, huo ndio upana wa mstari wa kwanza kwenye bahasha nyingi za patroni, kwa hiyo hesabu zao zinatufaa.

Sketi ya gauni la zamani ina namna mbili. Ya kwanza ni ya duara. Kwa kiuno cha 84, gawanya kwa 6.28, unapata sentimita 13 na kidogo. Hiyo ni nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Ongeza urefu wa sketi, 65, na pindo dogo, unafika kwenye 80. Nusu duara mbili zinakula mita 3.2 za kitambaa. Juu ya gauni pamoja na mikono ni mita 1.2. Jumla ni mita 4.4, na kipande cha yadi 6 kinakutolea gauni moja na kitambaa cha kichwa. Sketi hiyo inacheza vizuri mno arusini. Ila kumbuka, kwenye duara maua yanageuka: mbele yanalala, ubavuni yanasimama. Ukiwa na kikwembe cha ndege au cha picha ya mtu, usikikate duara.

Ya pili ni ya kukusanya. Unachukua upana mzima wa kitambaa mara mbili, mbele na nyuma, kila kimoja urefu wa sentimita 75 pamoja na pindo. Hiyo ni mita 1.5 tu. Mzingo wake ni sentimita 230 hivi, unakusanywa hadi 84, karibu mara tatu. Kitambaa kimesimama, ndege wote wanatazama juu. Ukiongeza mita 1.2 za juu, unapata 2.7. Ni kikwembe kimoja na nusu.

Mama anayeongoza kikundi alituomba tuandike hilo kwa herufi zinazosomeka: kipande kimoja cha yadi 6 kinatoa magauni mawili. Mama na binti yake. Au wamama wawili wanaochanga pesa, kila mmoja analipa nusu. Sharti ni kupanga karatasi zote juu ya kitambaa kabla ya kukata hata kipande kimoja. Safu ya kwanza ya sentimita 50 inabeba nusu mbili za mbele na mkono mmoja. Safu ya pili inabeba mgongo na mkono wa pili. Sentimita 20 zinazobaki ni za mkanda na ukosi. Fundi anayekata kwa haraka bila kupanga atakwambia kitambaa hakitoshi.

Kabla ya kukata, loweka kitambaa usiku mmoja katika maji, ukianike kivulini, ukipige pasi. Kama ni cha kunywea, kinywee kabla ya kushonwa.

Gauni la mama anayenyonyesha

Kwenye picha ya bahasha, gauni linafungwa kwa zipu mgongoni. Wamama wa Mususa walicheka. Nani atamfungulia mama zipu ya mgongoni kanisani, mtoto akilia njaa?

Wakahamisha ufunguzi mbele. Badala ya kukata mbele kwa kitambaa kilichokunjwa, wanakata nusu mbili. Kwenye mstari wa katikati wanaongeza sentimita 2 za kupandana, halafu sentimita 6 za kugeuza ndani, ili vifungo na matundu yapate nguvu. Vifungo sita vinashuka hadi kiunoni, na sketi inapasuliwa katikati sentimita 18 ili gauni lipite kwenye nyonga. Mgongo sasa unakatwa mzima, bila mshono wa katikati. Kitu hiki si kigeni kwa mtindo wa zamani. Magauni mengi ya miaka ya 1950 yalifungwa kwa vifungo vya mbele kama shati.

Mpangilio wa kushona ni huu. Pensi kwanza, yale makunjo ya kifuani na kiunoni yanayoipa nguo umbo, zipigwe pasi zikielekea katikati. Mabega yanafuata, halafu ukosi, halafu mikono, halafu ubavu kutoka kiwiko hadi kiunoni kwa mshono mmoja. Kwenye sketi, piga mistari miwili ya mishono mirefu kwa juu, vuta nyuzi za chini pole pole, gawanya mikusanyo sawa kwenye robo nne, bana kwa pini, shona. Kila mshono upigwe pasi kabla ya kuvukwa na mshono mwingine. Pindo liachwe hadi mwisho, mvaaji akiwa amesimama na viatu vyake.

Karatasi inayokunjwa

Mtunza patroni wa kikundi ni binti ambaye hajafika miaka ishirini. Alikuja Butembo pamoja na wadogo zake, kutoka upande wa Beni, ambako tangu Oktoba 2014 watu wetu wameuawa na kukimbia mara nyingi kiasi kwamba hatuna haja ya kuwaeleza. Mama yake alikuwa na mashini. Mashini ni chuma, na usiku ule hakuna aliyeweza kuibeba.

Hapa alianza kwa kufagia baraza na kuwasha makala ya pasi. Siku moja wakampa bahasha anakili. Mkono wake ni safi, mistari yake haitetemeki. Sasa ndiye anayepima wateja, anafanya zile hesabu za kugawa kwa nne, anaandika namba kwenye mfuko. Kila mama aliyepimwa ana mfuko wake. Akirudi mwakani, hapimwi upya, ila anaulizwa: "Mama, umenenepa au umekonda?" na wanacheka.

Ni yeye aliyewaomba wamama wakubali kunakili kila patroni mara mbili. Seti moja inatundikwa barazani. Ya pili imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na metre na mkasi mdogo, inakaa kwenye nyumba ya mama mwingine, kartiye nyingine. Mfuko huo una uzito wa kilo moja hivi. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa kifupi: "Huu ninaweza kukimbia nao."

Wamama wazee wa kikundi hawakusema neno. Wiki iliyofuata waliweka jina lake kwenye likelemba yao. Zamu yake ikifika, pesa itakwenda kwenye mashini yake mwenyewe, ya kukanyaga kwa mguu, hata kama ni kuukuu. Bado kuna majina kadhaa mbele yake. Anangoja, na wakati anangoja anafundisha wasichana wengine wawili kunakili.

Tunawaandikia haya kwa sababu vikundi vyetu vingi vina mashini na havina karatasi. Vimejenga kazi yote juu ya mtu mmoja anayejua kukata. Mtu huyo akihama, akiugua au akiolewa mbali, mashini zinabaki zikifunikwa kitambaa. Elimu iliyoandikwa kwenye mfuko wa simenti haimwondolei fundi heshima yake. Inawapa watoto wetu mahali pa kuanzia, na inabaki kwa kikundi.

Kwa wanaotaka kuanza

Hamhitaji bahasha ya ng'ambo kwanza. Chukueni gauni moja linalowakaa vizuri, lililochakaa, mlifumue mshono kwa mshono, mlipige pasi, mlinakili kwenye karatasi. Hiyo ni patroni. Ikiwa mnayo ya dukani, fuateni mambo haya matano: mpime kabla ya kuchagua namba, mchague kwa kifua, mgawe tofauti ya kiuno kwa nne, mjaribu kwa shuka, mpange vipande vyote kabla ya mkasi. Na mnakili mara mbili.

Kikundi kinachotaka kuona kazi hiyo kwa macho, waambieni viongozi wenu wa kartiye watuletee jina, tutawapangia siku ya kwenda Mususa. Njooni na karatasi zenu, metre, penseli na tirikoo. Watoto wanaonyonya wanakaribishwa. Kuna mkeka chini ya meza.

Tunawatakia wiki njema na amani katika nyumba zenu.